Mwalimu, peleti ni nafuu kweli au nauziwa maneno?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msomaji wako wa hapahapa Dodoma, Ipagala. Nina nyumba ndogo ya kulala wageni, vyumba tisa, niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Wageni wangu wengi ni watu wanaofuata shughuli za serikali na Bunge. Mji wetu unaujua: Bunge la bajeti likianza Aprili vyumba vinajaa, na likikaribia kwisha mwezi wa Juni baridi nayo inabisha hodi. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam huwa hana habari kwamba Dodoma kuna baridi. Saa kumi na moja alfajiri anagonga dirisha la jikoni: "Mama, maji ya moto vipi?"

Kwa siku napasha ndoo kumi na tano za maji ya kuoga. Juu ya hapo kuna chai, chapati, supu na maharage asubuhi, na jioni ugali, mlenda na nyama. Kazi yote hiyo inafanywa na mkaa kwenye majiko matatu ya bati. Gesi ninayo, mtungi wa kilo 15 niliojaza mara ya mwisho kwa 57,000, lakini ni ya mayai na chai ya haraka tu. Mkaa ananiletea mjomba wangu kutoka Chemba, gunia 65,000, na siku hizi gunia halifikishi siku tano.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja, mtanashati, ana vitu vinaitwa peleti. Ni vipande vidogo kama chakula cha kuku wa mayai, anasema vimebanwa kutoka kwenye vumbi la mbao la huko Mafinga. Mfuko wa kilo 25 ni 22,500. Majiko yake ya feni, makubwa mawili, ni 450,000, nusu nitangulize. Anadai nitapunguza gharama kwa nusu na kwamba peleti hazina madhara yoyote kwa mazingira. Karatasi yake ina picha ya jani la kijani.

Mdogo wangu aliyeolewa Sweden anapasha nyumba yake kwa hizohizo peleti na ananiambia, "Dada, chukua, huku kila jirani anazo." Shemeji yangu anasema huo ni utapeli, kuni ni kuni. Mjomba naye sijui nani alimfikishia, sasa amenuna. Anasema nimekuwa mtu wa mjini na nataka kumkatia riziki.

Nami roho inanisuta, Mwalimu. Nikipanda basi kwenda kwetu naona vilima vimebaki vipara. Tulipokuwa wadogo kuni tulikuwa tunaokota nyuma ya zizi. Leo mama yangu anatoka asubuhi na kurudi jua la utosi.

Naomba unisaidie. Peleti ni nafuu kweli? Na hilo la mazingira lina ukweli? Halafu, kwa baridi hii mlinzi wangu analala na jiko la mkaa kibandani kwake, na juzi mgeni mmoja aliomba jiko chumbani apate joto, nikampa, nikamwongezea 2,000 kwenye bili. Peleti zinaweza kufanya na kazi hiyo?

Mama Wageni, Ipagala

*

Marahaba mwanangu, na mbukwenyi nyote hapo nyumbani.

Swali lako la mwisho umelitupia kama mtu aliyekumbuka chumvi akiwa amekwisha kupakua. Mimi naanza nalo. Ukimaliza aya hii, kabla ya kusoma inayofuata, nenda kibandani kwa mlinzi ukatoe hilo jiko. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usio na moshi, ndio watu wanaouamini, na ndio unaoua. Unatoa hewa iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali ambapo oksijeni ingekaa. Mtu anahisi kichwa kizito, anadhani ni uchovu wa siku, anajifunika vizuri zaidi, na asubuhi haamki. Mlango ukifungwa kwa sababu ya baridi, kibanda kidogo kama hicho hakihitaji hata saa nyingi. Mlinzi mnunulie blanketi zito na koti. Mgeni akisikia baridi mwongezee shuka, na zile 2,000 usizichukue tena kwa mtu yeyote.

Peleti hazibadilishi chochote hapo. Mdogo wako huko Sweden hakai na jiko la wazi sebuleni. Jiko lake limefungwa kwa mlango wa kioo, moshi unatolewa nje kwa bomba. Na hata zikiwa hazijawashwa, peleti zilizorundikwa kwa wingi mahali pasipo na hewa hutoa hewa hiyohiyo kidogo kidogo. Wako mabaharia na wafanyakazi wa bandari waliokufa kwa kushuka tu kwenye tumbo la meli iliyobeba peleti. Mifuko yako michache ndani ya stoo yenye dirisha haina shida, lakini usije ukaifungia kwenye chumba anacholala mtu.

Sasa tuje kwenye fedha.

Tatizo lako ni kwamba mkaa unauziwa kwa gunia, peleti kwa mfuko, gesi kwa mtungi na umeme kwa uniti. Ni kama kulinganisha debe la mahindi, fungu la nyanya na mita ya kitambaa. Wanafunzi wangu niliwafundisha walete kila kitu kwenye kipimo kimoja kwanza, na kipimo ambacho kila Mtanzania anakijua leo ni uniti ya LUKU. Basi tuvipime vyote kwa uniti.

Kilo moja ya mkaa mzuri, mkavu, ina joto linalolingana na uniti 8 hivi. Kilo ya peleti ina kama 4.7. Kilo ya gesi ya mtungi ina karibu 12.8. Ukiishia hapo utasema mkaa unazipiga peleti mbali. Lakini joto lililomo ndani ya mkaa si joto linaloingia kwenye sufuria. Jiko la bati kama lako linapeleka kwenye sufuria sehemu moja kati ya tano, nne zinazobaki zinapasha ukuta, hewa na uso wa mpishi. Jiko banifu, lile lililovikwa udongo wa mfinyanzi ndani, linafika karibu sehemu tatu katika kumi. Jiko la peleti lenye feni, likiwa zima na likiendeshwa na anayelijua, linafika kama nne katika kumi. Gesi inapita nusu kidogo. Umeme, ukiwa na birika au hita iliyo ndani ya maji, karibu wote unaingia kwenye maji.

Tuchukue ndoo yako ya lita 20. Kuitoa nyuzi 20 za alfajiri ya Juni hadi nyuzi 45 za kuogea kunahitaji uniti 0.58. (Usiniambie wewe huchemsha nusu ndoo halafu unachanganya na maji baridi. Hesabu ni ileile, joto halipungui kwa kuchanganywa.)

Gunia la mjomba nimelikisia kuwa kilo 50, kilo 5 zikiwa chenga zisizofaa, kwa hiyo kilo moja inayowaka inakugharimu 1,444. Kwa bei ulizonipa, ndoo moja kwa mkaa kwenye jiko la bati ni kama shilingi 520. Mkaa uleule kwenye jiko banifu, 350. Gesi, 315. Peleti, 280. Umeme kwa tarifu ya kawaida pamoja na kodi, uniti ikiwa 356 hivi, ndoo inasimama kwenye 230.

Soma tena tarakimu hizo taratibu. Kijana hakukudanganya aliposema nusu, maana kutoka 520 hadi 280 ni karibu nusu. Ila amelinganisha jiko lake zuri na jiko lako bovu. Ukinunua jiko banifu kwanza, ile nusu inageuka kuwa shilingi 70 kwa ndoo. Kwa ndoo kumi na tano hiyo ni 1,050 kwa siku, na zile 450,000 za majiko zitarudi baada ya mwaka na miezi miwili, mradi vyumba vijae kila siku. Baada ya Bunge kuahirishwa vyumba havijai, hilo unalijua kuliko mimi.

Na bado kuna jambo moja linaloweza kuipindua hesabu yote: sijui gunia lako lina kilo ngapi. Wewe nawe hujui. Mjomba pia hajui, ama anajua na hajasema. Gunia la mkaa halina uzito, lina umbo tu. Likija na lumbesa, yaani lile fungu la juu lililofungwa kwa kamba na majani, linaweza kufika kilo 70. Likiwa la namna hiyo, ndoo yako kwenye jiko banifu inashuka hadi 250, na hapo mjomba anamshinda yule kijana bila kutoka jasho. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti ya kutanguliza, azima mizani ya kuning'iniza kwa wauza nafaka pale Majengo. Pima gunia. Likiisha, kusanya chenga zote zilizobaki chini, uzipime nazo. Fanya hivyo kwa magunia mawili mfululizo, na kila jioni andika kwenye daftari umepasha ndoo ngapi. Usinunue mkaa wa kisado wakati wa jaribio, utavuruga hesabu.

Kijana naye mpe mtihani. Asikuache na karatasi ya jani la kijani, akuachie jiko moja kwa siku saba na wewe ulipie peleti tu. Akikataa, umepata jibu bila ya mizani. Siku hizo saba mwangalie mpishi wako, si moto. Jiko la peleti hujazwa mara moja, likawashwa kutoka juu, na hupika kwa nguvu hadi mjazo uishe. Kwa maji na chapati ni zuri sana. Kwa maharage ya saa tatu yanayotaka moto mdogo ni usumbufu, maana kulijaza katikati ya safari mara nyingi kunaleta moshi. Feni nayo inahitaji umeme au betri. Umeme ukikatika na betri imelala, una bati la bei ghali. Na peleti huwezi kuzimwagia kwenye jiko la mkaa eti zitawaka, zitakutoa machozi tu. Hapo ndipo kuna hatari kubwa kuliko bei: ukishanunua majiko hayo umefungwa kwa muuzaji wa peleti. Mkaa upo kila kona ya Dodoma. Yeye akihamia Mwanza je? Hata Ulaya walikozizoea, mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza na peleti za Urusi zikapigwa marufuku, bei zilipaa watu wakashika vichwa. Muulize mdogo wako.

Kuhusu ubora, ukiletewa mfuko chukua chache uzitumbukize kwenye glasi ya maji. Peleti iliyobanwa vizuri inazama, kisha inavimba na kurudi kuwa vumbi la mbao. Inayoelea haikubanwa sawasawa. Halafu choma kilo moja kamili na upime majivu. Ulaya peleti za daraja la juu za kupashia nyumba haziruhusiwi kuacha majivu zaidi ya asilimia 0.7, yaani gramu 7 kwa kilo, na unyevu usizidi asilimia 10. Wewe ukipata gramu 10 shukuru. Ukipata gramu 30 huenda umeuziwa maganda ya alizeti, ambayo si vibaya, ila majivu yake huyeyuka na kuganda kama vigae ndani ya jiko. Ukipata gramu 150 na zaidi hizo ni pumba za mpunga. Na ziweke mbali na paa linalovuja, kwa sababu mvua moja ya Januari inageuza mfuko wa 22,500 kuwa uji.

Nimegusia alizeti kwa sababu najua utaniuliza kwa nini peleti zitoke Mafinga ilhali Dodoma na Singida tumejaa alizeti na karanga. Mashine zetu nyingi ndogo hukamua alizeti na ganda lake, ganda likaishia kwenye mashudu ya ng'ombe. Maganda ya karanga ndiyo yanayotupwa na kuchomwa ovyo. Atakayeyakusanya Kongwa na Mpwapwa na kuyabana atakuwa amefanya jambo, lakini hilo halitakupashia maji mwezi huu.

Sasa mazingira, na hapa mjomba asome pia.

Shemeji yako anasema kuni ni kuni. Amekosea, na kosa lake liko kwenye tanuri. Tanuri la udongo la kawaida, lile la kufukia magogo na kuwasha, linakula kilo kati ya 5 na 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Tuseme 7. Kilichobaki kimepanda juu kama moshi kabla hata gunia halijafungwa. Ndoo yako moja kwenye jiko la bati inakula gramu 360 za mkaa, na nyuma yake kuna kilo mbili na nusu za mti. Ndoo hiyohiyo kwa peleti inakula gramu 310 za vumbi la mbao. Kwa ndoo kumi na tano, upande mmoja ni kilo 38 za mti wa Chemba kila siku ya Mungu, upande wa pili ni kilo 4.6 za vumbi ambalo kwenye viwanda vya mbao lingechomwa au kuoza. Hesabu hiyo haihitaji jani la kijani, inajisemea yenyewe.

Lakini "hazina madhara yoyote" ni lugha ya biashara. Kusaga na kubana tani moja ya peleti kunakula umeme wa uniti 100 hadi 200, na zaidi kama vumbi lilikuwa bichi likakaushwa kwa moto. Barabara watu huiogopa kuliko inavyostahili. Mafinga ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, ila lori la tani kumi likija na kurudi tupu linachoma dizeli yenye nguvu kama asilimia tano ya joto lililo ndani ya mzigo. Asilimia tano. Jiko la bati linapoteza themanini.

Swali la kumkalia nalo kooni yule kijana ni hili: vumbi hilo lilikuwa vumbi, au ulikata mti ukausaga? Mufindi kuna shamba la miti la Sao Hill, misonobari iliyopandwa, inavunwa na kupandwa tena, na mashine za mbao zinaacha vumbi milima kwa milima. Peleti za vumbi hilo ni jambo jema. Peleti za mti uliokatwa makusudi ni jambo jingine kabisa. Uingereza kuna kituo cha umeme cha Drax kinachochoma peleti zilizovushwa bahari kutoka kusini mwa Marekani, na wanasayansi wanagombana hadi leo kama huo ni uhifadhi au ni ukataji wa miti uliovishwa koti safi. Kwa mdogo wako Sweden peleti zilichukua nafasi ya mafuta ya kupashia nyumba, kwa hiyo lazima zionekane malaika. Huku kwetu zinashindana na mkaa, na mkaa si wote sawa.

Gesi ya mtungi wengi wanadhani inatoka Songo Songo au Mnazi Bay. Hapana. Ile ya Songo Songo inapita kwenye bomba na sehemu kubwa inazalisha umeme. Ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje. Haikati mti, ila kila kilo inayoungua inatoa karibu kilo tatu za hewa ya ukaa, ambazo hakuna chipukizi litakalozirudisha ardhini kwa sababu zilitoka chini sana. Hata hivyo kwa ndoo moja hiyo ni robo kilo, wakati mkaa kwenye jiko la bati unatoa zaidi ya kilo moja kabla ya kuhesabu moshi wa tanuri. Ule wa mkaa unaweza kurudi kwenye mti kama mti utaachwa uote. Usipoachwa, haurudi. Ukisikia pia "mkaa mbadala", uliza umetengenezwa na nini. Upo wa chenga na takataka za mimea, na upo wa makaa ya mawe, kama ule wa Rafiki wa STAMICO, shirika la madini la serikali. Huo wa pili unaokoa mti, lakini makaa ya mawe yanabaki kuwa makaa ya mawe.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zimeagizwa kuacha. Wewe na vyumba tisa hujafikiwa na agizo hilo, kwa hiyo mtu asikutishe nalo ili ununue jiko haraka.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekwambia hivi. Maji ya kuoga yasipashwe kwa peleti, wala mkaa, wala gesi. Uko Dodoma! Juni na Julai hatuna wingu, jua linapiga tangu asubuhi hadi linazama. Hita ya jua juu ya paa, yenye tangi lililovikwa lisipoteze joto usiku, itampa mgeni wako maji ya saa kumi na moja alfajiri bila kugonga dirisha la mtu. Chukua zile 450,000 kama mwanzo wa kuichangia. Kabla hujaipata, nunua pipa, lipake rangi nyeusi, liweke juani likiwa na mfuniko, na ufikapo saa kumi jioni maji yatakuwa yamepanda. Yakifika nyuzi 35 umebakiza nyuzi 10 tu kati ya 25, na ile ndoo ya 520 inashuka hadi 210 kwenye jiko lilelile bovu. Wahimize wanaoweza waoge jioni. Alfajiri ongezea kwa umeme, lakini zile koili za kuchovya kwenye ndoo ya bati ziogope. Chomoa waya ukutani kwanza, ndipo uingize mkono kupima joto. Watu wamekufa kwa kuanza na mkono.

Maharage loweka usiku, kisha yaweke kwenye jiko la presha la umeme. Kilo nzima itaiva kwa chini ya uniti moja, yaani haifiki 360. Chapati na supu ziende kwenye jiko banifu au gesi. Ugali msongee palepale mlipozoea, sitaki ugomvi na mpishi wako. Peleti zitabaki na kazi gani? Kwako wewe, kidogo. Kwa shule yenye watoto mia nne wa kulishwa uji kila asubuhi ningekuwa mtu wa kwanza kumpigia simu yule kijana.

Nimebakiza mjomba, na huyu ndiye aliyenisumbua zaidi. Ukimwacha leo, mkaa ule atamuuzia jirani yako na kilima kitabaki kipara vilevile. Sisi watu wazima tunaikumbuka HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza 1973. Kondoa kulikuwa na makorongo ya kuzika basi. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwa amri, watu wakalia, na miti ikarudi, mingi bila kupandwa na mtu, kutoka kwenye mizizi iliyokuwa imelala ardhini. Siku hizi wanaita kisiki hai: unakiacha kisiki, unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unayapogoa na kuyafanya kuni. Chamwino na Mpwapwa wakulima wengi wanafanya. Mjomba akifanya hivyo na akikausha magogo yake vizuri kabla ya kuyafukia, tena akaweka bomba la moshi kwenye tanuri, mtindo wanaouita Casamance, anaweza kupata karibu mkaa mara mbili kwa mti uleule. Hayo kwa mazingira ya Chemba yana uzito kuliko mifuko yote ya Mafinga utakayowahi kununua.

Usimweleze habari za Sweden. Mweleze kwamba utaendelea kuchukua gunia moja kwa wiki kwa ajili ya chapati na supu, kwa bei ya kilo si ya umbo, likiwa na kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na hati ya kulisafirisha. Muulize kama kisiki anakiacha. Akija na gunia linalofuata, mkaribishe chai kwanza, halafu mlipandishe kwenye mizani mkiwa wote wawili.

Mwalimu